Imani ya Siku za Kazi

Anayetaka kuijua imani ya Wakristo wa Igogo, jijini Mwanza, asianze na Jumapili. Jumapili ina mengi ya kumchanganya: kwaya zenye sare, vinanda, spika, watoto waliopakwa mafuta wakang'aa, watu wanaoshuka vilima kwa uangalifu ili viatu visichafuke. Siku hiyo kila kanisa la Mwanza huonekana limeshinda. Aanze na Jumanne, tena alfajiri, wakati mama lishe anawasha jiko na kijana wa bodaboda anafuta umande kwenye kiti. Katika vyumba vya kupanga vilivyobanana juu ya mawe, kutoka usawa wa reli na Bandari ya Mwanza Kusini hadi kule juu ambako pikipiki haifiki, kuna watu ambao saa hiyo wamekwisha kusali. Msabato amesoma Kesha la Asubuhi. Mkatoliki amesali Malaika wa Bwana, pengine huku akifunga kamba za viatu. Wa kanisa la AIC ameimba beti mbili kutoka Tenzi za Rohoni kwa sauti ya chini, asimwamshe mpangaji wa chumba cha pili. Mlokole bado ana sauti iliyokauka kwa mkesha. Hakuna anayewapiga picha. Hata hivyo nashikilia kwamba hapo ndipo imani inapolelewa, na historia ya pwani hii ya ziwa inaniunga mkono: kilichoushikilia Ukristo wa huku, zaidi ya siku kubwa na wahubiri wakubwa, ni sala fupi zenye saa yake, zinazosaliwa nyumbani na kwa jirani, hata siku ambayo moyo umekuwa mzito na hautaki.

Ushahidi wa kwanza uko karibu na jiji kuliko wengi wanavyodhani. Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika Buganda kwa mtumbwi wakitokea Kageye, kijiji cha pwani kilichoko wilaya ya Magu ya leo. Wenzao wakawafuata mwaka huohuo, na mkesha wa Pasaka wa 1880 wakabatiza watu wao wa kwanza. Mwanzilishi wa shirika, Lavigerie, hakuipenda haraka hiyo. Alisisitiza ukatekumeni wa miaka 4, akiamini kwamba mtu hawezi kuwa Mkristo kwa kusikia tu, sharti aishi kwanza ndani ya desturi za Kikristo mpaka zimkolee. Kabla mpango huo haujaonyesha matunda, mambo yaliharibika katika ikulu ya Kabaka Mutesa. Novemba 1882 mapadre wote walifunga mizigo na kuvuka ziwa kurudi kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kwenye ghuba ya Mwanza, sehemu ambayo sasa ni wilaya ya Misungwi, mwendo mfupi wa gari kutoka Igogo. Huko ng'ambo walikiacha kikundi kidogo cha waliobatizwa, na nyuma yao wakatekumeni. Hawakuwa na padre wala misa wala kitubio, na hali hiyo ikaendelea kwa karibu miaka 3.

Kwa hesabu za kawaida kikundi kile kilipaswa kusambaratika. Dini ilikuwa ngeni, walimu wamekimbia, na ikulu ilikuwa mahali ambapo neno moja baya lilitosha kumuua mtu. Mutesa alifariki Oktoba 1884, mrithi wake Mwanga akawaita mapadre, nao wakarudi Julai 1885. Walikuta waumini wameongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa Aprili 1882, alikuwa akiwakusanya vijana wahudumu wa ikulu na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa sala na mafundisho. Matia Mulumba Kalemba alifanya vivyo hivyo huko Mityana, katika Ssingo. Walichokuwa nacho ni sala walizozihifadhi kichwani, katekisimu waliyoulizana wao kwa wao, na saa za kukutana. Karoli Lwanga alibatizwa Novemba 1885, siku ileile ambayo Mukasa aliuawa, miezi 4 tu baada ya mapadre kurejea, na huo si muda wa kumwandaa mtu tangu mwanzo kwa kanuni ya Lavigerie. Sehemu kubwa ya maandalizi yake ilikuwa imekwisha kufanywa na majirani. Juni 3, 1886 akachomwa moto Namugongo, na Oktoba 18, 1964 Papa Paulo VI akamtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 21. Watu hupenda kuianzia habari hii kwenye moto. Mimi huona kwamba moto unaeleza jinsi walivyokufa, ilhali ile miaka 3 ya ukimya, ambayo vitabu vingi huiruka kwa sentensi moja, ndiyo inayoeleza walipata wapi nguvu ya kufa hivyo.

Msomaji wa historia anaweza kupinga kwamba ninatia sala mahali ambapo siasa inatosha. Buganda ya wakati ule ilikuwa na vijana wenye njaa ya elimu mpya, Waislamu walikuwa na mizizi ikulu kabla ya mmisionari yeyote, Waanglikana walikuwa na Alexander Mackay na mashine yake ya kuchapa, na kila kundi lilijua kwamba dini ni njia ya kupanda cheo. Yote hayo ni kweli, wala sioni sababu ya kuyapunguza. Lakini hesabu ya cheo ina mwisho wake. Kati ya 1882 na 1885 kujiunga na kundi la mapadre waliokwenda zao Bukumbi hakukumpa mtu bunduki wala nguo wala mlinzi. Kama ni faida, ilikuwa kwa Mackay, aliyekuwa bado yupo, au kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Aliyebaki akisali Baba Yetu nyumbani kwa Kaggwa alikuwa akifanya jambo ambalo mwanasiasa mwerevu asingelifanya. Na upande wa Waanglikana wenyewe unathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine: wafuasi wao waliitwa wasomaji, kwa sababu kusoma Injili pamoja kila siku ndiko kulikowaweka pamoja. Mackay alipofukuzwa naye, akaishia Usambiro, kusini mwa ziwa, akafariki huko Februari 1890, wasomaji hawakuacha kusoma. Kituo cha Nassa, kwenye ghuba ya Speke, walichokianzisha wamisionari Waanglikana wa CMS mwaka 1888 na kukikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, kilirithi mazoea hayo. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa AIC, kanisa lililozaliwa na misheni hiyo, asiye na Biblia yake mwenyewe huonekana kama fundi aliyekuja kazini bila vifaa.

Miaka 90 baada ya Bukumbi, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikifanya kwa hiari kile ambacho Kaggwa na Kalemba walikifanya kwa kulazimika. Katika mikutano ya AMECEA, umoja wao, ya 1973 na 1976 waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kaya za jirani zinazokutana majumbani. Wenzao wa Kongo walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka 10. Tanzania ilikuwa na udongo ulioandaliwa: ujamaa ulikuwa umewazoesha watu kuhesabiana kwa nyumba kumi kumi, na askofu kama Christopher Mwoleka wa Rulenge, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, aliuona ujamaa kuwa njia ya kuiishi Injili, mradi watu washirikishane kweli. Ujamaa kama sera umepita, jumuiya zimebaki, na hilo ni jambo la kutafakari. Walutheri wa KKKT nao wana za kwao. Utaratibu wake unajulikana na kila mtu: mara moja kwa wiki, mara nyingi alfajiri kabla ya kazi, nyumba kwa zamu. Wanasoma Injili ya Jumapili ijayo, kila mmoja anasema neno lililomgusa, wanaombea wagonjwa kwa majina, wanatoa sadaka ndogo, wanatangaza msiba na harusi, wanatawanyika. Mei na Oktoba rozari husaliwa kila siku, nyumba hii leo na ile kesho, mpaka mwezi uishe. Mlima kama Igogo ulifaa kwa jambo hili hata kabla halijabuniwa, maana nyumba zimepandiana kiasi kwamba ua wa huyu ni paa la yule, na mgonjwa asiyeweza kuteremka kwenda kanisani huletewa kanisa mlangoni. Mwenye chumba kimoja huazima benchi, huondoa ndoo na godoro, na kwa saa moja chumba hicho kinakuwa mahali ambapo watu 15 wamekuja kwa ajili ya Mungu. Sijui mahubiri yoyote yanayoweza kumfundisha mpangaji thamani ya nafsi yake kwa namna hiyo.

Hapa linaingia pingamizi la zamani, tena la haki: sala inayorudiwa kila siku hugeuka maneno ya kasuku. Yesu mwenyewe, katika sura ya 6 ya Mathayo, aliwaonya wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Wenzetu wa Kipentekoste hulitumia fungu hilo dhidi ya rozari, na hawakosi hoja. Lakini katika sura hiyohiyo, mistari michache mbele, anawapa wanafunzi sala yenye maneno maalumu, na Didakhe, kitabu cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinaagiza sala hiyo isaliwe mara 3 kwa siku. Danieli naye alisali mara 3 kwa siku, madirisha wazi, na amri ya mfalme ilipotoka hakuongeza wala kupunguza. Kosa analolionya Yesu ni kudhani kwamba maneno mengi yanamlazimisha Mungu. Kurudia ni jambo lingine. Wasukuma hawaambiani mwangaluka mara moja kwa mwaka, kwa hisia nzito, ili iwe na maana. Huamkiana kila asubuhi, mara nyingi akili ikiwa kwingine, na hakuna anayewaita wanafiki. Mtoto anayempita bibi yake bila shikamoo siku moja ameleta habari kwamba kuna kitu kimeharibika. Maamkizi hayapimi upendo wa asubuhi hiyo, yanauweka uhusiano wazi ili upendo, au hata ugomvi, ukija upate pa kupitia. Sala ya kila siku inafanya kazi hiyo. Na zipo siku ambazo hakuna njia nyingine. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza, na tena Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, nyumba nyingi za pwani hii zilipokea habari ambazo zinamnyang'anya mtu usemi. Mtu wa hali hiyo hatungi sala. Hushika kile alichokwisha kukihifadhi, na asiyekuwa na kitu alichokihifadhi hubaki mikono mitupu.

Wengine husema tatizo ni muda. Saa za kazi za Igogo ni za zamu: viwanda vya minofu ya samaki, bandari, ulinzi wa usiku, soko, mama anayerudi saa nne usiku na ndoo ya vyombo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asali saa nzima kila siku umemwongezea mzigo, na dini inayopendwa na wenye nafasi tu itakuwa dini ya wenye nafasi. Nakubaliana na lawama hiyo, isipokuwa naona inawahusu wanaodai saa nzima. Wamonaki walikuwa na vipindi 7 vya sala mchana kutwa. Cranmer, alipoandika kitabu cha sala cha Waanglikana mwaka 1549, alivifupisha vikawa viwili, asubuhi na jioni, ili mwenye shamba na mwenye duka waweze. Malaika wa Bwana humalizika kabla chai haijachemka. Kinachotakiwa ni saa isiyohama, hata kama ni fupi mno. Kuna pia suala la mahali. Mathayo 6 inamtaka mtu aingie chumbani mwake na kufunga mlango, na wahubiri wa vitabuni hulieleza fungu hilo kana kwamba kila Mkristo ana chumba cha peke yake. Familia ya watu 6 ndani ya chumba kimoja ikifunga mlango, wote wako ndani. Kwao sala ya siri haiwezekani kabisa ila moyoni, na sala ya sauti lazima iwe ya nyumba nzima, pamoja na yule kijana anayejifanya amelala. Nadhani hili, linaloonekana kama upungufu, limeifanyia imani ya uswahilini wema mkubwa. Watoto wanajua wazazi wao wanamwomba Mungu nini, na wazazi wanajua kwamba wanasikika.

Wako wanaoona kwamba yote haya ni mvua ya manyunyu, na kwamba nchi hii iliamshwa na mikutano mikubwa ya injili. Mwanza haiwezi kulikana hilo. Askofu Moses Kulola, mwanzilishi wa kanisa la EAGT aliyefariki mwaka 2013, alihubiri viwanjani kwa miaka mingi, na kuna familia nyingi za kanda ya ziwa ambazo Ukristo wao ulianzia kwenye jukwaa lake. Uamsho wa Afrika Mashariki nao, ule uliotoka Rwanda na Uganda na kuingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1930, uliwatikisa watu waliokuwa wamelala kanisani. Ila hata uamsho ule haukudumu kwa mikutano yake mikubwa. Ulidumu kwa vikundi vidogo vya ndugu vilivyokutana kila wiki, watu wakikiri dhambi na kupatana, na pale vikundi vilipokufa uamsho ukabaki kuwa wimbo. Mkutano huweza kumgeuza mtu kwa jioni moja, lakini anaamka kesho yake na ulevi uleule, deni lilelile, mke yuleyule aliyemkasirikia. Asipokuwa na la kufanya asubuhi hiyo atatafuta mkutano mwingine, kisha mwingine, na kila mara atahitaji muujiza mkubwa kuliko ule wa kwanza. Mwisho wa njia hiyo tuliuona Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walipokufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako uwanjani. Siwalaumu marehemu. Walikuwa na shida za kweli na walikuwa na imani. Nauliza tu ni nani aliyewafundisha kwamba Mungu anapatikana zaidi kwenye msongamano kuliko nyumbani kwao, na faida ya fundisho hilo inaishia mfukoni mwa nani.

Pingamizi linalonipa kazi kuliko yote linatoka Kenya. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofunga kula mpaka kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao, na miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Watu wale hawakuwa Wakristo wa Jumapili. Walikuwa wakisali kutwa kucha. Walikuwa na nidhamu ambayo jumuiya nyingi za Igogo zingeionea wivu. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwa urahisi kwamba kusali sana kunalea imani, maana kunaweza pia kulea kichaa. Nikilitazama kwa makini naona tofauti katika mambo ambayo ni rahisi kuyadharau. Nyumba ya Kaggwa ilikuwa kati ya majirani. Katekisimu waliyofundishana haikuwa yake, na mwenzake wa Mityana angeijua mara moja iwapo angeigeuza. Waumini wale waliwangoja mapadre warudi wawahukumu. Jumuiya nayo huhama nyumba kwa nyumba, hivyo hakuna mwenye nyumba anayekuwa mwenye kanisa. Injili wanayoisoma imepangwa na kalenda, si na anayetaka kuwaongoza, na ndiyo hiyohiyo inayosomwa Bukoba na Roma. Watu wanaoombeana wanaonana mchana kwenye bomba la maji, na mtoto aliyekonda bila sababu ataulizwa. Shakahola walianza kwa kuwaondoa watu kwa majirani. Sala ya kila siku inahitaji jirani kama vile inavyohitaji Mungu, na aliyejitenga akasali peke yake na kundi lake tu, mbali na macho ya wengine, anapaswa kuogopwa hata kama anakesha.

Jirani huyo huleta deni lake. Vilima vya Igogo vimejengwa bila ramani, majitaka yalikuwa yakishuka kati ya nyumba kila mvua ikinyesha, na kipindupindu kimeutembelea mji huu zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa 2015. Wakosoaji wa dini huuliza watu wanaosali alfajiri wamefanya nini juu ya mfereji unaopita mbele ya mlango wao. Swali ni zuri, na jibu hutofautiana mtaa kwa mtaa. Mradi wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wa kushusha majitaka kwa mabomba kutoka vilimani haukuletwa na rozari. Lakini bomba la namna hiyo hupita nyuma ya nyumba ya huyu ili kufika kwa yule, na haliwezi kupita mahali ambapo majirani hawasemezani. Watu ambao kila wiki huketi benchi moja na kutajiana wagonjwa wao wana mahali pa kuanzia mazungumzo hayo, wakitaka. Wasipotaka, sala yao ina kasoro, na nabii Isaya ameshasema vikali kuhusu watu wanaofunga na kusali kwa namna hiyo. Neno lingine la ujirani ni kelele. Spika inayoelekezwa mlimani saa nane usiku haihubiri kwa aliyelala baada ya zamu, inamchukiza tu, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, hawakuanza bila sababu kuyafuatilia makanisa sambamba na baa. Sala ya kila siku haihitaji umeme.

Isidhaniwe kwamba jumuiya ninazozisifu hazina ugonjwa wake. Nyingi zimegeuka kuwa ofisi. Kuna daftari la mahudhurio, kuna orodha ya michango, na mzazi anayetaka mtoto abatizwe, au kijana anayetaka kufunga ndoa, lazima apate barua ya mwenyekiti wa jumuiya, ambaye kwanza atafungua daftari. Naielewa sababu yake, maana parokia yenye waumini maelfu haiwezi kumjua kila mtu. Lakini daftari hilo linapotumika kumkatalia mtu mazishi ya heshima kwa kuwa hakuonekana, sala imefanywa kodi, na watu hulipa kodi kwa uchache wawezao. Ugonjwa mwingine ni kwamba wanaume hawapo. Nenda jumuiya yoyote utakuta akina mama, watoto, wazee wawili, na mwanamume mmoja ambaye ni katibu. Maelezo ya kawaida ni kwamba wanaume ni wavivu wa dini. Siyaamini sana. Nadhani saa na mtindo wa jumuiya vimepangwa kufuata siku ya mtu anayelala usiku na kufanya kazi mchana, na Mwanza ina maelfu ya wanaume ambao siku yao si hiyo.

Wavuvi wa dagaa ndio mfano ulio wazi. Kazi yao ni ya usiku, kwa taa, na taa hazivuti dagaa mbalamwezi ikiwa imejaa. Kwa hiyo huvua wakati wa giza, wakirudi mwaloni alfajiri, saa ileile ambayo jumuiya inaimba wimbo wa kuanza, na wengi hukaa wiki nzima makambini visiwani. Mwezi unapojaa hupumzika siku kadhaa, wakarudi nyumbani. Mwenyekiti wa jumuiya anayewahesabu kwa wiki atawaona ni watoro. Akiwahesabu kwa mwezi wa angani ataona kwamba wana ratiba, tena kali. Kanisa lenyewe halina haki ya kuishangaa ratiba hiyo, maana Pasaka hupangwa kwa njia hiyohiyo, Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia Machi 21, na ndiyo maana mvuvi ambaye mwaka mzima haonekani huweza kuonekana Juma Kuu. Watu humcheka kuwa ni Mkristo wa Pasaka. Huenda amekuja tu siku ambayo kazi yake inamruhusu, na hakuna aliyemwalika mwezi mpevu uliofuata. Parokia na sharika za pwani hii zingeweza kuweka kikao kimoja cha jumuiya kila mbalamwezi, jioni, kwa ajili yao, na makambini kumkabidhi mmoja wao kitabu cha masomo ya Jumapili ili asome kabla mitumbwi haijaondoka. Kaggwa hakuwa padre, wala Mukasa. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kusoma, anayeaminiwa na wenzake, na dakika 10 kabla ya taa kuwashwa.